Presha, sukari na uzito kwa mgonjwa wa akili: kliniki, kituo cha karibu, maabara ya kulipia au nyumbani?

Mtu akishaanzishiwa dawa za maradhi ya akili nyumba nzima macho yanakuwa kwenye akili tu, kalala hakulala, anazungumza peke yake, kameza dawa hajameza, na mwili unasahauliwa mpaka siku suruali haifungi au anamaliza jagi zima la maji usiku. Na mwili ndo unaowaua. Shirika la Afya Duniani linasema watu wenye maradhi makubwa ya akili, skizofrenia, baipola, sonona kali, wanakufa miaka 10 mpaka 20 kabla ya wenzao, na wengi wao wanakwenda kwa moyo, sukari, kifua, vitu ambavo vinapimika na vinatibika kwa vidonge vile vile anavyokula babu yako. Mwaka 2018 shirika hilo likatoa mwongozo mzima juu ya jambo hili.

Kwa hiyo kupima ni lazima, hapo sina ubishi na mtu. Tunapokwama ni wapi. Hapa kwetu njia ni nne: kliniki ya akili anakochukulia dawa (kwa wengi wa Unguja ni Kidongo Chekundu, wengine spitali ya wilaya), kituo cha afya kilicho karibu na nyumba, maabara au famasi ya kulipia, na nyumbani kwenyewe. Mie nazilinganisha kwa swali moja tu, namba ikitoka mbaya nani atafanya kitu? Maana mashine ya presha siku hizi iko kila pahala, mtu wa kuishughulikia ile namba ndo adimu.

Kwanza kwa ufupi kinachopimwa. Kabla ya dawa kuanza, au wiki ile ile: uzito, mzunguko wa tumbo, presha, sukari, mafuta ya damu. Halafu uzito ndo unaofatwa karibu karibu, Uingereza wanataka kila wiki kwa wiki 6 za mwanzo, tena wiki ya 12, tena ukifika mwaka. Marekani walikubaliana tokea 2004 iwe wiki ya 4, ya 8, ya 12, halafu kila miezi mitatu. Presha na sukari wiki ya 12 halafu kila mwaka kama hakuna tatizo. Ukitizama vizuri utaona miezi mitatu ya mwanzo ina kazi kuliko mwaka mzima unaofata, na hiyo miezi ndo ile ambayo mgonjwa hajatulia, kutoka hataki, na nyinyi wenyewe hamjalala. Njia yoyote mtakayochagua ipimeni kwa miezi hiyo, msiipime kwa siku atakapokuwa mzima anacheza bao barazani.

Sasa kliniki ya akili. Ina kitu kimoja ambacho kwengine hukipati, pale ndo penye kalamu ya kubadilisha dawa. Uzito ukipanda kwa sababu ya olanzapini mtu wa famasi atakwambia mpunguzie wali, jirani atakwambia mpe maji ya ndimu asubuhi, lakini anayeweza kusema tumpunguzie dozi, au tumuhamishe, au tumuongezee metformini (kidonge cha sukari) ni yule aliyeandika ile dawa. Na dawa hazilingani. Klozapini na olanzapini ndo zinazonenepesha na kupandisha sukari kuliko zote, risperidoni na kloropromazini (ile Largactil) ziko kati, haloperidoli kidogo kwenye unene ila ina yake ya kukaza misuli na kutetemesha mikono. Kumuachisha dawa nyinyi wenyewe kwa sababu kanenepa, hapana, nalisema mara moja tu na naendelea.

Udhaifu wa kliniki ni masiku. Ukipewa dawa ya mwezi au miezi miwili ndo unarudi baada ya mwezi au miezi miwili, na olanzapini haikusubiri, kilo zinaingia wiki za mwanzo mwanzo. Halafu dakika mnazopata na daktari zinaishia kwenye kusikia sauti na kulala, na ni haki yake, benchi limejaa. Ila upo mlango mmoja watu hawautumii, nao ni siku ya sindano. Anayechomwa Modecate au sindano nyengine ya mwezi yule mtu kila mwezi yupo pale, nauli ameshatoa, foleni ameshakaa. Kabla hajachomwa mwambieni nesi kwa adabu, dada samahani, tunaomba umpime na uzito na presha tumuandikie kwenye daftari lake. Akifanya hivo mmepata vipimo 12 kwa mwaka bila safari hata moja ya ziada.

Kituo cha karibu kina raha yake, mnakwenda kwa miguu, mgonjwa akichoka mnarudi, na kama presha au sukari imeshathibitishwa pale anapata na dawa na anafatwa kama mgonjwa mwengine yoyote. Kwa mtu wa Makunduchi au Micheweni kumwambia kila kipimo aende mjini ni kumwambia asipime. Lakini kina mambo mawili.

La kwanza ni jina. Mtaani anajulikana kuwa ni yule wa akili, basi akifika anasema kifua kinanibana, anajibiwa imempanda tena mrudisheni kule kwao. Hii si ya Zanzibar peke yake, wenye elimu ya mambo haya wanaijua dunia nzima, malalamiko ya mwili yanazama ndani ya jina la ugonjwa wa akili. Dawa yake ni kuingia naye ndani, msimuache mlangoni, na kusema kwa namba: jana presha 160 kwa 100, leo 158 kwa 98, kaanza kukojoa usiku mara nne tokea wiki iliyopita. Mtu anaweza kumpuuza mgonjwa, namba iliyoandikwa na tarehe ni tabu kuipuuza.

La pili ni zito zaidi, khasa kwa anayekula lithiamu kwa ajili ya baipola. Kituo cha karibu hakijui anakula nini mpaka mkiseme. Akionekana presha iko juu atapewa ushauri ambao kwa mtu mwengine ni sahihi kabisa, punguza chumvi sana, kula hiki kidonge cha kukojoza, au lisinopili au losatani, na mgongo ukimuuma diklofenaki. Vyote hivo, chumvi kukatwa ghafla, vidonge vya kukojoza khasa jamii ya haidroklorothiazaidi, lisinopili na wenzake, diklofenaki na ibuprofeni, vinaweza kuipandisha lithiamu kwenye damu mpaka iwe sumu. Mtu anaanza kutapika, kuharisha, mikono inatetemeka vikubwa, anapepesuka, maneno hayatoki sawa sawa, na watu wanasema kapandisha. Aliyepima presha hakukosea, aliyeandika lithiamu naye hakukosea, ila karatasi hazikukutana. Maumivu madogo madogo parasetamoli inatosha, na presha itibiwe, lakini daktari wa lithiamu ajue kabla kidonge cha presha hakijaanza.

Ndo maana mie nasema kuliko kubishana kituo au kliniki nunueni daftari la skuli. Moja. Nyuma ya jalada andikeni kwa kalamu ya kukoza majina ya dawa zote na dozi, na mzio kama upo, ndani ni tarehe na namba. Daftari linakwenda na mgonjwa pahala popote, hata kwa daktari wa meno, hata kwa mganga wa miti shamba (naye aone, na daktari aambiwe kapewa nini, dua na kombe hazina mgogoro na vidonge lakini mizizi ya kuchemsha hatujui ina nini ndani).

Maabara ya kulipia nitapita haraka. Ni wepesi, majibu mara nyingi siku hiyo hiyo, hakuna anayekuuliza maswali. Na hilo la mwisho ndo tatizo, unatoka na karatasi ina nyota mbili tatu na hakuna wa kukwambia ufanye nini, unaanza kumtafuta binamu anayesoma udaktari umtumie picha. Itumieni kwa kipimo kilichoandikwa na daktari ambacho spitali siku hiyo hakipo, kiwango cha lithiamu, FBP (kipimo cha chembe za damu) kwa wa klozapini, figo, tezi ya shingo. Pakeji za kupima mwili mzima ziacheni, pesa hiyo ni stripu za sukari au nauli.

Sasa nyumbani, na hapa ndo mie ninapopapenda, si kwa sababu panatosha lakini kwa sababu ndo pahala pekee panapoweza kupima kila wiki.

Watu wakisikia kupima nyumbani wanakimbilia mashine ya sukari. Sio. Kwa mtu ambaye hajaambiwa ana sukari ile mashine ni gharama ya stripu tu, anaanza kutobolewa vidole bure na akiwa na shaka na watu ndo basi tena. Anzeni na mizani na futi ya fundi charahani. Mizani ya bafuni iwekwe sakafuni pagumu, isiwe juu ya mkeka wala zulia, siku ile ile ya wiki, asubuhi kabla ya chai, nguo nyepesi, wanawake khanga moja, buibui lina uzito wake. Kinachotafutwa ni asilimia 5 ndani ya mwezi wa mwanzo. Mtu wa kilo 60 akifika 63 ndani ya mwezi huyo tayari anatakiwa azungumzwe kliniki, msingoje afike 75 ndo mseme mbona kanenepa. Na baada ya dawa kuanza kumtuliza kuna unene wa kurudi afya, aliyekuwa hali kwa wiki mbili akaanza kula, huo mtauona unasimama. Wa dawa hausimami upesi, na anakula kama hajashiba, anaamka usiku anatafuta mkate.

Futi na mizani kipi bora? Ukiniuliza nichague kimoja nitachagua mizani kwa miezi mitatu ya mwanzo halafu futi baada ya hapo. Mizani inaonesha mwendo wa haraka, futi inaonesha mafuta yanakaa wapi, na ya tumboni ndo yenye sukari na moyo. Inazungushwa katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, tumbo limelegea, ametoa pumzi. Mwanamke zaidi ya sentimita 80, mwanamme zaidi ya 94, hapo uangalizi uongezwe. Na futi ina sifa ambazo mizani haina, haimtishi mtu, bei yake si kitu, na haivunjiki mtoto akiikanyaga. Mwanamke apimwe na mamaake au dada, mwanamme na kaka yake, sitara iwepo.

Mashine ya presha nunueni ya mkono wa juu, ile ya kifundo cha mkono inadanganya sana. Akae dakika tano mgongo umeegemea, miguu chini, asizungumze, mkono uwe sawa na moyo, pimeni mara mbili. Nyumbani 135 kwa 85 na kuendelea kwa siku kadhaa ndo muende nayo, spitali wao wanahesabu kuanzia 140 kwa 90. Ikifika 180 kwa 120 na kichwa kinampasuka au kifua kinabana hiyo si ya daftari, ni ya gari sasa hivi. Kwa wanaokula kloropromazini au klozapini mpimeni tena akishasimama dakika moja mpaka tatu, hizi zinaangusha presha mtu akiinuka na wazee wanavunjika nyonga chooni alfajiri.

Kuna wagonjwa mashine ikianza kubana mkono wanahisi kuna mtu anawafanyia jambo. Msimlazimishe, kipimo kimoja hakina thamani ya ugomvi wa wiki nzima. Dawa nzuri niliyoiona ni kupima nyumba nzima, Ijumaa asubuhi baba, mama, shangazi, watoto, kila mtu na jina lake kwenye ukuta, yeye mmoja wao. Na usishangae presha ikakutwa kwa shangazi.

Halafu vipo vipimo ambavyo mashine haina, ni macho na kuuliza. Siku zake zimekatika? Maziwa yanatoka wakati hana mtoto? Kijana matiti yanakua? Risperidoni na haloperidoli zinafanya hivo na mtu atakaa nalo mwaka mzima kwa aibu, wengine ndo sababu wanatupa vidonge chooni na nyinyi mnadhani ukaidi. Mdomo unatafuna bila kitu, ulimi unatoka, vidole vinacheza? Mrekodini kwa simu sekunde thelathini kwa idhini yake mkamuoneshe daktari, kuliko kuigiza mbele ya meza. Kiu na kukojoa sana usiku, hiyo ni sukari mpaka ithibitike sio, msiseme ni wazimu wa maji.

Sukari yenyewe, kwa damu, huchaguliwa kati ya mbili. Ya kufunga asubuhi ni rahisi na iko karibu kila kituo, 7.0 na kupanda ni kisukari na hurudiwa kuthibitisha kama hana dalili, 6.1 mpaka 6.9 yuko mlangoni. Tabu yake ni kumtoa mtu shamba saa 11 alfajiri hajala, amelala na dawa nzito, apande gari ya abiria akae foleni mpaka saa 4, wengine wanakunywa chai ya maziwa na andazi njiani halafu wanasema hawakula. Ya pili, HbA1c, haitaki kufunga, inaonesha kama miezi mitatu iliyopita, 6.5 kwa mia na zaidi ni kisukari. Ila bei yake iko juu, na kwa mwenye selimundu au upungufu mkubwa wa damu inapotosha, na sisi hapa selimundu tunayo kwenye koo nyingi, kwa hiyo mkiwa na mtoto au ndugu mwenye selimundu semeni kabla. Kwa wa shamba asiyekuwa na hiyo shida, ikipatikana, mie nitachagua HbA1c.

Ramadhani inabadilisha hesabu yote. Wa vidonge vya kawaida mara nyingi vinahamishiwa futari na daku na mambo yanakwenda, ingawa uji wa sukari, tambi na kaimati mwezi mzima mizani itasema yake. Wa lithiamu ni mwengine, kukaa bila maji kutwa khasa Ramadhani ikiangukia joto la kaskazi inaweza kuipandisha dawa, kwa hiyo nendeni kliniki Shaabani, si tarehe kumi ya mfungo, mjue kama afunge, dozi iweje na damu ichukuliwe lini. Dini imeshampa mgonjwa ruhusa, asilazimishwe na maneno ya barazani. Na kipimo cha lithiamu siku zote ni masaa 12 baada ya dozi ya mwisho, amemeza saa 3 usiku atolewe damu saa 3 asubuhi, asimeze ya asubuhi kwanza, la sivyo namba inatoka kubwa ya uongo. Wengi hutakiwa wawe kati ya 0.6 na 1.0, yake anaijua daktari wake. Figo na tezi kila miezi sita.

Basi kuchagua. Anakula haloperidoli au sindano ya mwezi, ametulia, umri mdogo: siku ya sindano kliniki pamoja na futi nyumbani inatosha, damu mara moja kwa mwaka. Ameanza olanzapini mwezi huu: nyumbani kila wiki, hiyo si hiari, na kliniki muwe na namba ya simu ya kuuliza kabla ya tarehe. Tayari ana presha au sukari: kituo cha karibu ndo nyumba yake, daftari mkononi. Lithiamu: damu pahala popote penye maabara ya kuaminika, lakini jibu lisomwe na kliniki ya akili peke yake.

Na klozapini, kama ameandikiwa, hapo hakuna kuchagua, ni kliniki na maabara kwa ratiba yao, maana inaweza kuangusha chembe nyeupe za damu, Finland mwaka 1975 watu walikufa kwa hilo, na ndo maana Uingereza wanatoa damu kila wiki kwa wiki 18 za mwanzo. Nyumbani kazi yenu ni tatu. Homa au koo kuuma, FBP siku hiyo hiyo. Kufunga choo siku mbili tatu msikae nalo kwa aibu, kwa dawa hii utumbo unaweza kusimama kabisa. Akiacha sigara ghafla, hata kama ni kwa sababu kalazwa au kafunga Ramadhani, semeni, dawa inapanda kwenye damu. Na kwa watu wa Pemba mnaofata dawa Unguja, boti ikizuiliwa na upepo na akakosa klozapini zaidi ya masaa 48 asirudie dozi yake ya zamani akishaipata, pigeni simu kliniki kwanza, inaanzwa upya chini kabisa.